Kusafiri kwa Ndege na Bastola Yenye Leseni kutoka Malindi au Lamu: Hatua kwa Hatua

Wamiliki wa bastola wa Malindi na Lamu huuliza maswali yaleyale kila wanapokata tiketi ya kwenda Nairobi: je, ndege inakubali silaha, iwekwe wapi, risasi nazo zikae wapi, na nani aambiwe kwanza? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako unayesafiri hivyo kwa mara ya kwanza, ukiwa na bastola unayoimiliki kihalali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na unayetaka kufika salama bila kukosa ndege wala kulala kituoni. Haumhusu askari aliye kazini, ambaye ana utaratibu wake, wala haumhusu asiye na leseni, ambaye hana la kufanya isipokuwa kuisalimisha silaha hiyo kwa polisi.

Jambo moja litangulie yote. Bastola haiingii katika chumba cha abiria, haivaliwi kiunoni, wala haiwekwi kwenye begi la mkononi, hata kama leseni yako haina doa. Husafiri pamoja na mizigo tumboni mwa ndege, ikiwa haina risasi, ndani ya sanduku lililofungwa, baada ya shirika la ndege kuarifiwa na afisa mwenye mamlaka kuikagua. Msingi wake ni wa kimataifa, nao umo katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga: silaha ihakikishwe kwanza kuwa haina risasi, kisha ipakiwe mahali ambapo hakuna mtu awezaye kuifikia ndege ikiwa angani. Nchi na mashirika huongeza masharti yao juu ya msingi huo.

Kabla ya kuendelea, jiulize kama safari yenyewe inaihitaji. Anayekwenda kushindana katika kiwanja cha shabaha cha Kirigiti, Kiambu, hana budi kuibeba. Anayekwenda harusini kwa siku mbili na kufikia kwa shemeji yake mwenye nyumba iliyojaa watoto, kwa maoni yangu, aiache katika sefu yake, au aulize kituo cha polisi kilicho karibu naye kama kinaweza kumhifadhia kwa maandishi hadi atakaporudi.

MAHITAJI

Viwe mkononi mwako vyote kabla ya siku ya safari:

- Leseni halisi ya silaha, si nakala wala picha ya simu pekee. Tazama tarehe ya mwisho, na uilinganishe na siku ya kurudi, si siku ya kwenda tu.
- Kitambulisho au pasipoti ambayo jina lake linalingana herufi kwa herufi na la kwenye leseni na tiketi. Kwetu pwani hili husumbua kuliko watu wanavyodhani: leseni inasema Athman, tiketi inasema Othman, na afisa aliye mbele yako hana wajibu wa kujua kwamba ni mtu mmoja.
- Idhini ya shirika la ndege kwa maandishi.
- Sanduku gumu, la chuma au plastiki nene, lenye sifongo ndani, lisiloweza kupanuliwa pembeni likiwa limefungwa.
- Kufuli imara, moja au mbili kulingana na matundu ya sanduku. Ufunguo ukae kwako.
- Boksi la risasi lenye vitundu vinavyotenga kila risasi. Lile la dukani linafaa ikiwa halijachanika.
- Karatasi yenye nambari ya silaha, aina yake, na idadi ya risasi ulizobeba.
- Kwa msafiri wa Lamu, mfuko usiopitisha maji kama wanaotumia wazamiaji.

HATUA

1. Chagua ndege kabla ya kulipa tiketi.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hutafuta kwanza bei nafuu, kisha ndiyo huuliza habari ya silaha. Ndege si sawa. Ndege kubwa kiasi yenye chumba tofauti cha mizigo haina shida ya kutenga silaha na abiria. Katika ndege ndogo kama Cessna Caravan, mizigo huwekwa katika kasha lililofungwa chini ya tumbo la ndege, au nyuma ya viti vya mwisho kukiwa na wavu tu katikati. Shirika lisiloweza kuhakikisha kwamba sanduku lako halitafikiwa na mtu lina haki ya kukataa, na likikataa hakuna leseni itakayolilazimisha.

Tena, mashirika mengi ya ndege ndogo huruhusu kilo 15 za mizigo kwa abiria, nayo hutaka mabegi laini yanayoweza kukunjwa na kusukumwa. Sanduku gumu la bastola halikunjiki. Suluhisho la kawaida ni kuchukua sanduku dogo na kuliweka katikati ya nguo ndani ya begi laini, lakini uliza kwanza kama shirika linakubali mpangilio huo au linataka sanduku likabidhiwe peke yake.

Uliza pia ndege inatua wapi Nairobi, kwani kutua Wilson si sawa na kutua Jomo Kenyatta, na kama inapitia mahali pengine njiani. Safari isiyobadilisha ndege ndiyo bora, hata ikigharimu zaidi. Ikiwa hakuna shirika la Malindi linalokukubali, panda gari hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ukachukue ndege kubwa zaidi kutoka kiwanja cha Moi.

2. Omba idhini kwa maandishi.

Piga simu, kisha ufuatishe barua pepe yenye jina lako, nambari ya tiketi, tarehe, aina ya silaha na idadi ya risasi. Ahadi ya mdomo ya mhudumu wa simu aliyeko Nairobi haina uzito kwa mhudumu wa kaunta aliyeko kiwanja cha Manda, Lamu, asubuhi ya safari. Chapa jibu lao. Muulize pia polisi wa kiwanja unachoondokea wangependa ufike saa ngapi na uripoti kwa nani, na uyaulize hayohayo kuhusu kiwanja unachotua.

3. Pekua mabegi yako yote usiku uliotangulia.

Toa kila kitu, geuza mifuko nje, na upapase kingo za ndani kwa vidole. Unatafuta risasi moja iliyosahaulika tangu siku ya mazoezi, magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye bastola, iliyojificha chini ya kitambaa, au hata bastola yenyewe. Usicheke. Mwaka 2023 idara ya usalama wa usafiri ya Marekani ilikamata silaha 6,737 katika vituo vya ukaguzi wa abiria, na takribani 93 kati ya kila 100 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wa wenyewe walijitetea kwamba walisahau kuwa zimo. Ushauri wangu ni mfupi: begi unalobebea silaha siku za kawaida lisiwe kamwe begi lako la mkononi la safari.

4. Toa risasi kwenye bastola ukiwa nyumbani.

Ingia chumba kisicho na watu na ufunge mlango. Elekeza mtutu upande ambao risasi ikitoka kwa bahati mbaya haitamfikia mtu. Mwenye kuishi ghorofani katika nyumba ya kale ya Lamu asielekeze chini, kwa kuwa chini ya sakafu ile ya boriti huenda bibi yake amelala. Ukuta mnene wa nje wa mawe, usio na dirisha wala mlango, ni salama zaidi. Kidole kisiguse kifyatulio wakati wowote wa kazi hii.

Sasa chomoa magazini na uiweke kando. Kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu, hadi mwisho, ili risasi iliyomo kwenye chemba, yaani tundu inamokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, iruke nje. Iache slaidi imefungika nyuma, tazama ndani ya chemba mahali penye mwanga, halafu gusa kwa ncha ya kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Rudia kutazama. Mpangilio huu haubadilishwi: ukivuta slaidi kabla ya kuchomoa magazini, risasi moja itatoka na nyingine itapanda kukaa mahali pake, nawe utaamini umemaliza kumbe bastola ingali imejaa. Kwa bastola ya silinda, fungua silinda, toa risasi zote, na uhesabu matundu matupu mojamoja.

Toa pia risasi zote zilizomo katika magazini, moja baada ya nyingine, mpaka chemchemi isukume kibao cha juu. Wapo wanaoacha magazini ikiwa imejaa kwa kudhani kwamba magazini iliyotengwa na bastola si kitu. Mashirika mengi huikataa.

5. Zifunge risasi.

Zipange kwenye boksi lake, uzihesabu, na uandike idadi kwenye karatasi yako, kwa kuwa afisa naye atahesabu. Kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari huruhusu abiria mmoja kubeba risasi za matumizi yake mwenyewe zisizozidi kilo 5, uzito wa boksi ukiwemo, kwa idhini ya shirika na katika mizigo ya tumboni tu. Fungu la mke na mume haliunganishwi kuwa kilo 10. Risasi zenye kulipuka au kuwasha moto haziruhusiwi kabisa.

Usichukulie kilo 5 kuwa ruhusa yako, lakini. Boksi la risasi 50 za milimita 9 lina uzito wa takribani gramu 600, kwa hiyo kilo 5 ni mamia ya risasi, na idadi ambayo leseni yako inaruhusu itafika mwisho mapema zaidi. Kidogo kati ya viwango hivyo viwili ndicho kikomo chako.

Baruti iliyo wazi na viwashio vya risasi havipandi ndege, wala havipandi dawa za kusafishia silaha zinazoshika moto na kopo la kunyunyizia mafuta. Betri za akiba za lithiamu za tochi au darubini ya bastola zinakwenda kinyume na mengine yote: hizo hukaa kwenye begi la mkononi, si tumboni mwa ndege.

6. Funga sanduku.

Weka bastola ikiwa tupu, slaidi wazi ikiwa sanduku lina nafasi, magazini tupu kando yake. Risasi ziwe katika boksi lao; mashirika mengine hutaka ziwe kwenye begi jingine kabisa, na hilo utakuwa umeliuliza katika hatua ya 2. Funga kufuli, kisha jaribu kuivuta kona ya kifuniko kwa nguvu. Ikiwa kidole kinapenya, sanduku hilo halifai. Usibandike nje ya begi alama yoyote inayotangaza kilichomo, wala stika ya kampuni ya silaha, kwa sababu inamwelekeza mwizi.

7. Nenda kiwanjani bila kusimamasimama.

Wa Malindi kazi yake ni nyepesi, maana kiwanja kiko karibu na mji. Panda gari unaloliamini badala ya bodaboda, na usipitie sokoni.

Wa Lamu ana bahari mbele yake, kwa kuwa kiwanja kiko kisiwa cha Manda. Kwenye gati mabaharia hupokea mabegi kwa wema na kuyarusha mbele ya boti, mahali hasa ambapo maji hurukia upepo ukivuma. Lako usilitoe. Lishike mapajani, sanduku likiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usimweleze nahodha wala jirani yako kilichomo. Maji ya chumvi yakiingia, kutu huanza upesi, hivyo ukifika mwisho wa safari pangusa bastola kwa kitambaa chenye mafuta hata kama inaonekana kavu. Kumbuka pia kwamba tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 maafisa wa usalama wa kaunti hii hawalichukulii jambo la silaha kwa wepesi. Ukisimamishwa na kuulizwa, toa leseni na ujibu kwa ufupi.

Fika saa mbili kabla ya ndege kuondoka. Muda wa kuvuka Manda hauhesabiwi humo.

8. Tangaza kabla begi halijaingia kwenye mashine.

Miongozo mingi ya ng'ambo hukuambia utangaze silaha kwenye kaunta ya shirika. Huku, mara nyingi utakutana na mashine ya ukaguzi mlangoni, kabla hujaiona kaunta. Kwa hiyo anayeambiwa kwanza ni askari wa mlango wa kwanza. Begi likiwa bado mkononi mwako, msogelee, tuliza sauti, na useme maneno kama haya: "Habari za asubuhi, afande. Nina silaha yenye leseni, haina risasi, imefungwa ndani ya sanduku katika begi hili. Hii hapa leseni na idhini ya shirika. Naomba unielekeze."

Usianze kwa kupaza sauti "nina bastola" katikati ya foleni ya watalii, wala usifungue begi ili kumwonyesha. Mikono ishike karatasi tu. Ukiambiwa umngoje afisa mwingine, kaa mahali ulipoelekezwa.

9. Pitia ukaguzi.

Utapelekwa kando, na afisa atalinganisha nambari ya silaha na ya kwenye leseni. Fungua kufuli mwenyewe unapoambiwa, kisha urudi nyuma hatua moja na umwache aguse. Akitaka wewe ndiwe uonyeshe kwamba chemba ni tupu, muulize kwanza uelekeze mtutu wapi. Kisha funga sanduku, weka ufunguo mfukoni, na uombe risiti au fomu yoyote iliyojazwa. Isome kabla ya kutia saini: nambari ya silaha, idadi ya risasi, jina la aliyepokea. Tarakimu moja iliyokosewa hapa itakuwa mgogoro unapotua.

Usiende haraka kunywa chai. Baki karibu kwa dakika kadhaa, mpaka mhudumu akuambie begi limepita, kwani ukaguzi wa pili ukihitaji ufunguo nawe hupatikani, begi litabaki na ndege itaondoka.

10. Pokea mwisho wa safari.

Silaha mara nyingi haiji pamoja na mizigo mingine. Hukabidhiwa mkononi na afisa au mhudumu wa shirika. Toa risiti na kitambulisho, tazama kufuli, linganisha lebo, na uende zako. Usifungue sanduku ukumbini, usijaze risasi ndani ya teksi au choo cha kiwanja. Hayo yatangoja hadi ufike mahali pa faragha ulipokusudia.

UKIVUKA MPAKA

Leseni ya Kenya inaishia mpakani. Kutoka Mombasa hadi Unguja ni safari fupi mno, na ndugu zetu wako kotekote, lakini silaha inayokwenda huko inahitaji kibali cha kuitoa Kenya na kibali cha Tanzania cha kuiingiza. Nchi ambayo unabadilishia ndege nayo ina sheria zake, hata kama hutoki nje ya kiwanja. Uingereza ilipiga marufuku bastola karibu zote kwa raia mwaka 1997, na hakuna maelezo yatakayokuokoa ukitua nayo London bila idhini. Vibali hivi huchukua muda. Usivianze wiki ya safari.

Na mgeni wako anayetoka Ulaya akitaka kuja na bunduki ya kuwinda, mwambie aiache huko. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Mhudumu wa kaunta anakataa ingawa una idhini. Onyesha barua pepe iliyochapwa na uombe msimamizi wa zamu. Akishikilia kukataa, rubani na shirika ndio wenye neno la mwisho. Omba tiketi ibadilishwe na kukataliwa kwako kuandikwe. Usimkabidhi rafiki aliyekusindikiza sanduku arudi nalo mjini: leseni ni yako, si yake.

Ndege imeahirishwa hadi kesho. Dai begi lako lirudishwe kwa utaratibu uleule wa risiti, na uwajulishe polisi wa kiwanja kwamba unaondoka na silaha. Ikiwa unalala hotelini, sefu ya chumbani ni bora kuliko chini ya mto, lakini kurudi nyumbani ni bora kuliko vyote viwili.

Ndege imetua mahali pengine kwa sababu ya hali ya hewa. Baki kitini, umwambie mhudumu kimyakimya kwamba una silaha iliyotangazwa tumboni. Abiria wakihamishiwa kwenye basi, usipande kabla ya kujua sanduku limeshikwa na nani.

Umegundua risasi mfukoni ukiwa tayari foleni ya ukaguzi. Usiitupe kwenye pipa la taka wala chooni. Mwite afisa aliye karibu, umwonyeshe ilipo bila kuitoa, na leseni iwe tayari. Utachelewa, na huenda ukahojiwa, ila ni tofauti kabisa na mashine kuiona kabla yako.

Sanduku halikufika. Usitoke kiwanjani. Andikisha upotevu kwa shirika, kisha uende moja kwa moja kituo cha polisi cha kiwanja ukiwa na risiti na karatasi ya nambari ya silaha, upewe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Fanya hivyo siku hiyohiyo, hata kama mhudumu anakuhakikishia kwamba litakuja na ndege ya jioni. Likifika jioni, utarudi na nambari hiyohiyo ya OB ili taarifa ifungwe.

Sanduku limefika, kufuli limevunjwa. Usilifungue. Lipige picha lilipo, mwite afisa, na hesabu ya silaha na risasi ifanyike mbele yake, ikilinganishwa na fomu uliyotia saini ulikoondokea.